Vikona Vinne Vitupu: Uhakiki wa Video ya Picha za Familia Rubona

Kazi ninayoihakiki katika makala hii ina urefu wa dakika 6. Haina jina. Katika simu yangu imehifadhiwa kama "Babu mwisho 3", kwa kuwa zile mbili za kwanza ziliharibika. Ni video ya picha mnato 72 zilizotolewa katika albamu ya bibi yangu, kila picha ikikaa sekunde 5, na muziki ukipita chini yake. Ilionyeshwa mara moja tu, jioni, uani kwetu Rubona, siku ya kuondoa matanga ya Babu, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe lililofungwa kwenye mparachichi. Mtengenezaji wake ni mimi.

Si kawaida mtu kuhakiki kazi yake mwenyewe, na mhadhiri wangu aliponiuliza kwa nini nisichague riwaya sikuwa na jibu zuri. Ninalo sasa. Video za aina hii hutengenezwa kila wiki kwa ajili ya harusi, matanga, jubilei na mahafali. Riwaya tunayoihakiki darasani imesomwa na sisi thelathini, na baadhi yetu, tuseme kweli, hatukuimaliza. Video ya picha huliza uwanja mzima kwa usiku mmoja, halafu hakuna anayeuliza imewaliza kwa njia gani, na imeacha nini nje.

Kwa wasiopajua, Rubona ni bandari ndogo ya Ziwa Kivu, kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi. Watu wanaijua kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kwa chemchemi za maji moto, na kwa mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inayofungwa mitatumitatu kwa miti mirefu na kuingia ziwani jua linapozama. Goma iko karibu, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mpaka. Ndiyo maana Kiswahili kilikuwa chetu cha sokoni na cha melini muda mrefu kabla ya mwaka 2017, Bunge lilipokifanya lugha rasmi. Bibi na Babu walikuwa miongoni mwa waliokimbilia Goma katika miaka ya 60. Walirudi mwishoni mwa mwaka 1994, na albamu ikarudi nao, imefungwa katika kitenge.

Kwetu mgeni akifika hupewa kiti, hupewa kinywaji, kisha hukabidhiwa albamu wakati chakula kinaiva. Lakini haachiwi aiangalie peke yake. Bibi huja akaketi pembeni, akaweka kidole juu ya ukurasa na kuanza. Huyu ni nani, amezaa na nani, koti hili liliazimwa kwa nani siku ya picha. Akimpenda mgeni, ukurasa mmoja huchukua robo saa. Asipompenda, kurasa tano huenda kwa dakika moja. Picha ya Babu akiwa na baiskeli imewahi kuwa hadithi ya kuchekesha mbele ya wakwe na hadithi ya njaa mbele yangu, na zote mbili ni kweli. Sisi tuliosoma fasihi simulizi tunazo istilahi za jambo hili: yuko fanani, iko hadhira, uko utendaji. Albamu yenyewe ni ala tu, kama inanga mikononi mwa mghani. Ukiichukua inanga ukaiweka juu ya meza, hujauchukua wimbo.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia. Nilidhani kwamba nikizichukua picha nimeichukua albamu.

Nilizitoa moja moja nikazipitisha kwenye skana ya duka la fotokopi mjini. Picha nyingi za miaka ya 60 na 70 ni za mraba, nyeusi na nyeupe, zenye ukingo mweupe. Projekta ilitaka umbo la 16 kwa 9. Picha ya mraba ikikuzwa mpaka ijaze umbo hilo hupoteza karibu asilimia 44 ya eneo lake, juu na chini. Programu ilinipa njia mbili, ama nikate, ama niache picha nzima na nafasi za pembeni zijazwe na nakala ya picha hiyohiyo iliyotiwa ukungu. Nilichagua kukata, kwa sababu ule ukungu ulinichefua. Basi katika video nzima Bibi hana miguu. Mtu anaweza kusema miguu si kitu, lakini katika picha za studio za wakati ule viatu ndivyo vilivyokuwa habari yenyewe. Picha ya 14 ilipigwa, kwa maelezo ya Bibi, kwa sababu Babu alikuwa amenunua viatu. Kwenye shuka alionekana mtu aliyenyooka sana, anayetabasamu bila sababu yoyote.

Migongo ya picha nayo ilipotea. Skana huona upande mmoja. Picha 23 kati ya zile 72 zina maandishi nyuma: muhuri wa studio, tarehe, salamu kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha barua. Moja imeandikwa kwa penseli "usimwonyeshe". Asionyeshwe nani, Bibi hataki kusema, na mimi nikaionyesha kwa watu zaidi ya 80.

Kisha kuna mwendo. Programu za simu husogeza picha zenyewe, zikaivuta karibu au kuitelezesha upande, ili mtazamaji asichoke. Mbinu hii imepewa jina la Ken Burns, Mmarekani ambaye mwaka 1990 alitoa mfululizo wa filamu kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akitegemea picha za karne ya 19 ambazo haziwezi kusogea zenyewe. Kwake mwendo unafuata sauti. Barua ya askari inasomwa, na polepole jicho letu linapelekwa kwenye sura moja katika kundi. Mwendo wake ni kidole cha Bibi. Ila programu yangu ilichagua mwelekeo kwa bahati nasibu. Katika picha ya 40, Babu amesimama kushoto ya mtumbwi wake wa kwanza, na kwa sekunde 5 video inamwacha taratibu na kwenda kutazama kamba. Wajomba walicheka. Nilicheka pia, lakini kwa aibu.

Tena mtu asiseme kwamba teknolojia ya picha na msimulizi haviwezi kuishi pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kodak ilitoa projekta ya slaidi iliyoitwa Carousel, ikaendelea kuitengeneza hadi mwaka 2004. Ilikuwa na sinia la duara na kitufe. Mwenye kitufe alikuwa mtu, baba au padri au mwalimu, na slaidi haikuondoka mpaka amalize kusema. Video imekinyang'anya mkono kile kitufe. Sekunde 5 kwa mtoto aliyeishi wiki mbili, sekunde 5 kwa Babu aliyeishi miaka 84, sekunde 5 kwa ng'ombe.

Kuhusu muziki nitasema machache. Niliweka kinanda kitamu kilichokuja bure na programu. Wiki mbili baadaye nilikisikia kinanda hichohicho katika video ya harusi ya jirani, na watu wakilia vilevile.

Sasa nifike kwenye picha ya 31 na ya 32, kwa kuwa hapo ndipo makala hii ilipozaliwa. Ya 31 ni harusi ya shemeji yake Bibi huko Goma. Ya 32 ni ubatizo wa mjomba wangu wa pili. Kati yake nilitumia ufifiaji wa sekunde 2: harusi inayeyuka, ubatizo unajitokeza ndani yake, na kwa nusu sekunde hivi uso wa bibi harusi unakaa juu ya kichwa cha mtoto. Wakati wa kutengeneza nilijisifu kwa hilo. Video ilipokwisha na makofi kutulia, Bibi alinivuta mkono.

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu. Lakini ule ukurasa umeupeleka wapi?"

"Ukurasa upi, Bibi?"

"Wa dada yangu."

Nilijua papo hapo. Katika albamu, kati ya harusi ile na ubatizo ule, kuna ukurasa mweusi wenye vikona vinne vya karatasi, vile vinavyoshikilia picha, na ndani ya vikona hamna kitu. Mahali pale karatasi haikupauka, kwa hiyo mraba mweusi zaidi unaonekana, ukubwa wa kiganja. Ndipo Bibi anapokaa kuliko pote. Nimeusikia ukurasa huo tangu sijaanza shule. Picha iliyokuwa pale ilipigwa katika studio moja ya Goma: Bibi na dada yake mkubwa mbele ya pazia lililochorwa mitende, wamevaa vitenge vya aina moja, dada ameshika mkoba usio wake. Dada huyo aliolewa Rubona na hakukimbia na wenzake. Krismasi ya mwaka 1993 alikwenda Goma kuwasalimu, akaiomba picha ile ili akaitolee nakala, kwani yake ilikuwa imeliwa na unyevu wa ziwa. Aliahidi kuirudisha Pasaka. Aliuawa pamoja na watoto wake katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwezi wa Aprili 1994. Nyumba yake iliporwa. Kwa miaka kadhaa Bibi alitumaini kwamba studio bado inazo negativu, akaahirisha kwenda kuuliza, hadi Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji wa Goma. Studio ilikuwa kwenye njia yake.

Skana haina la kufanya na mahali patupu. Hakuna faili linaloitwa hakuna. Programu ilipanga picha kwa namba, 31 kisha 32, na mimi nikaziba pengo kwa ufifiaji. Hapa nataka tuitazame lugha ya filamu kwa makini. Picha moja ikiyeyuka na kuwa nyingine, mtazamaji huelewa kwamba muda umepita na maisha yameendelea. Mbinu hiyo huunganisha. Vikona vya Bibi vinafanya kinyume: vinakataa kuunganisha. Angeweza kuvibandua, au kuweka picha nyingine pale, na nafasi ilihitajika, maana picha za miaka ya 80 zimejazana mwishoni bila mpangilio. Hakufanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Uamuzi huo ni wa kifani kama uamuzi wowote wa mshairi anayeacha mstari wazi, na mimi, mwanafunzi wa fasihi wa mwaka wa tatu, sikuuona, kwa sababu nilikuwa natafuta picha.

Katika nchi hii kosa la namna hiyo ni zito kuliko kwingine. Kwenye Kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004 na ambako wamezikwa wahanga zaidi ya 250,000, kuna chumba cha picha za familia zilizotolewa na ndugu. Picha zimebanwa kwenye nyaya, safu juu ya safu, za harusi, za pasipoti, za watu wanaocheka na chupa mkononi. Nilikwenda huko na shule. Picha hazisogei. Wewe ndiwe unayesogea, ukasimama unapotaka kusimama, na kuna mwenzetu alisimama mbele ya picha moja mpaka basi likachelewa. Katika sehemu ya watoto picha ni chache na kubwa, na maelezo ya chini ni mafupi mno: jina, umri, chakula alichokipenda, alivyokufa. Maelezo hayo yanafanya kazi ambayo dakika zangu 6 za kinanda hazikuifanya. Lakini hata Gisozi wanaoonekana ni wale ambao picha zao zilipona. Yuko wapi yule ambaye picha yake ilichomwa pamoja na nyumba? Katika nyumba nyingi jibu ni kidole cha mzee juu ya mahali patupu.

Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, La Chambre claire, anaandika kurasa nyingi juu ya picha ya mama yake akiwa mtoto, halafu anakataa kuichapa. Anasema kwetu ingekuwa picha ya kawaida tu. Mhadhiri wetu mmoja aliuita uamuzi huo maringo ya Kizungu. Mimi sikubaliani naye, ingawa naona tofauti moja kubwa: Barthes alikuwa na picha na akachagua kuificha, Bibi hana na amechagua kuonyesha kwamba hana. Kati ya hao wawili, kwangu Bibi ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi.

Rafiki zangu waliosoma rasimu hii wamenipinga, na wana hoja. Albamu huonekana na watu wawili au watatu kwa wakati mmoja. Video iliwakusanya zaidi ya 80, na watoto ambao hawangeruhusiwa kushika albamu walimwona Babu akiwa kijana. Shangazi aliye ng'ambo aliipata kwa WhatsApp usiku uleule. Juu ya hayo, picha zenyewe zinakufa. Zile za rangi za miaka ya 80 zimegeuka wekundu, na zilizobandikwa kwenye albamu za gundi haziwezi kubanduliwa bila kuchanika. Nakala za skana zitabaki. Yote hayo nayakubali, na sitazifuta. Ninachokataa ni kuita nakala hizo hadithi ya familia kwa sababu tu zimepangwa zikapewa muziki.

Ninakataa kwa nguvu zaidi hatua inayofuata, ambayo binamu yangu aliipenda. Mwaka 2021 kampuni ya MyHeritage ilileta huduma iitwayo Deep Nostalgia, inayofanya uso ulio katika picha ya zamani upepese macho na kugeuka. Binamu alimpitisha Babu humo. Babu akapepesa, akainamisha kichwa, akatabasamu kwa meno. Bibi aliitazama simu kidogo akairudisha. "Huyu ni nani?" aliuliza. Babu alikuwa akicheka amefunga mdomo, kila mtu Rubona anajua.

Ningefanya nini basi? Filamu iliyonisaidia ni La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962. Ina dakika 28 hivi, na karibu yote ni picha mnato, zikiongozwa na sauti ya msimulizi. Picha zake hazina urefu mmoja, hukaa au huondoka kadiri ya sauti inavyodai, na mara moja tu, kwa sekunde chache, mwanamke aliyelala anafumbua macho na picha inatembea kweli. Baada ya utulivu wote ule, kope kutikisika ni tukio kubwa. Marker hakuogopa kwamba nitachoka. Mimi niliogopa hivyo kuhusu ndugu zangu mwenyewe, ambao kila Krismasi hukaa saa tatu wakimsikiliza Bibi.

Toleo la pili nimelianza mwezi uliopita. Sikutumia skana. Nimeiweka albamu mezani barazani, simu juu yake kwenye fremu ya mbao aliyonitengenezea fundi seremala, na Bibi ameketi mahali pake. Napiga kurasa nzima pamoja na kingo zake, vikona vyake, na kidole. Picha yenye maandishi Bibi anaigeuza mwenyewe, isipokuwa ile ya penseli, ambayo safari hii ameiruka. Kurasa 9 zimechukua dakika 52. Hakuna kinanda, kuna injini za boti, na jogoo mmoja asiye na adabu.

Ina kasoro zake. Mwanga wa saa nne asubuhi unapiga kwenye nailoni za kurasa za mwisho, hivyo nyuso mbili hazionekani kabisa. Bibi, akijua anarekodiwa, anasema Kiswahili cha redioni kwa dakika kumi za kwanza kabla hajajisahau na kurudi kwenye chake. Kasoro kubwa ni yangu. Kwenye dakika ya 38 anafika kwenye vikona, anataja jina la dada yake na majina ya watoto, kisha ananyamaza. Kimya kinaendelea. Halafu mkono wangu unaonekana ukiingia kutoka kulia, umeshika ncha ya ukurasa kuugeuza, na Bibi anauweka wake juu yake.

"Ngoja kwanza," anasema.